Mji wa Pili Kwenye Simu Yangu

Simu yangu ina miji miwili kwenye programu ya utabiri wa hali ya hewa. Wa kwanza ndio ninakoishi: jua, jua, jua, kawingu kamoja siku ya Alhamisi, jua. Wa pili sijawahi kuishi wala sina ndugu huko, na kwa siku 19 mfululizo picha yake imekuwa ileile, wingu la kijivu na matone matatu chini yake. Kila asubuhi, hata mswaki sijashika, naufungua huo wa pili kwanza. Nataka kujua kama bado wananyeshewa. Bado. Halafu, na hili ndilo linalonishangaza, naona wivu.

Mji huo sitautaja. Nikihamia, wenyeji wachache nitakaowafahamu wasije wakasoma nilivyokisema chumba nilichopanga kwao.

Ndoa yangu ilivunjika mwaka jana. Sina mengi ya kusimulia hapo: iliisha kwa makaratasi na mihuri, na jokofu likaondoka. Kilichobaki ni mji. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mkishamaliza kugawana vyombo, mji haugawanyiki. Muuza dawa wa karibu na kwangu bado ananiuliza, "Mwenzio hajambo?" Nami bado najibu, "Hajambo," kwa sababu foleni ni ndefu na maelezo ni marefu kuliko foleni. Kuna njia niliyoacha kuipita. Kuna benchi nisiloliangalia. Kila wiki najikatia kipande cha mji na kukitupa, na sasa nimebaki na mitaa mitatu hivi ninayoweza kutembea bila kuinamisha kichwa.

Kazi yangu ni ya kompyuta na intaneti, inaweza kufanyika popote. Basi likaja lile wazo ambalo huwajia wengi wa aina yangu: nihame. Niende mbali, mahali pasipo na mtu wa kuniuliza habari za mwenzangu.

Lakini kwa nini kwenye mvua? Swali hilo limeulizwa na kila niliyemwambia, na kwa muda mrefu nilijibu uongo. Nilisema napenda kijani. Nilisema joto limenichosha. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa jua. Nimekulia mahali ambapo mvua ikishuka watu hutoka nje kuitazama kama mgeni. Na mtu wa jua anajua kwamba siku ya jua ina deni. Ukikaa ndani watu wanauliza una nini. Nilitaka mahali ambapo ningeruhusiwa kukaa ndani bila kuulizwa.

Shangazi yangu aliposikia, hakubishana. Alitoa methali moja tu kwenye simu: "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Shangazi, mbachao wenyewe umetoboka."

"Umetoboka, sawa. Lakini unajua ulipotoboka."

Nikakata simu nimekasirika, jambo ambalo mara nyingi humaanisha kwamba shangazi kasema kweli.

Nikaanza kuchunguza. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza mvua ni nyingi kiasi gani, kana kwamba mvua ni kitu kimoja cha kupima kwa ndoo. Chukua Seattle, mji wa Marekani unaosifika kwa mvua hadi unataniwa. Kwa mwaka hupata kama milimita 1,000. New York hupata zaidi ya hapo, karibu 1,200, na Miami, ambako watu huenda kuota jua, hupita 1,500. Tofauti iko kwenye siku. Seattle hunyeshewa siku 150 hivi kwa mwaka, New York siku 120 hivi. Miami mvua inamwagika kama imemiminwa na mtu mwenye hasira, dakika arobaini, halafu inaanuka na barabara inafuka mvuke. Seattle ni rasharasha: manyunyu yasiyokulowesha vya kutosha ukimbie, wala hayaishi ukapumzika. Halafu kuna mwisho kabisa wa mizani. Mawsynram, kijiji cha milimani kaskazini-mashariki mwa India, hupokea karibu milimita 12,000 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa hushuka ndani ya miezi michache ya msimu wa pepo za mvua, na wakati wa kiangazi watu wa eneo hilo hupata shida ya maji. Bergen, Norwei, haifiki hata robo ya kiasi hicho, ila kati ya mwisho wa Oktoba 2006 na Januari 2007 ilinyeshewa siku 85 bila kukosa moja. Ukiniuliza mimi ni wapi pagumu zaidi kwa mgeni, nitasema Bergen, wala sitafikiria mara mbili. Mvua kubwa ni tukio, unaweza hata kuisimulia. Siku 85 za mvua ya kawaida zinakuwa tabia ya mtu unayeishi naye.

Jambo la pili nililojifunza lingenipotosha kabisa kama nisingekutana nalo mapema. Takwimu za mkoa hazikuambii chochote kuhusu nyumba utakayolala. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini ukakuta mlima, hewa inapanda, inapoa, inashindwa kubeba maji yake na kuyaacha upande huohuo. Ikivuka kilele inashuka ikiwa kavu. Kwenye Rasi ya Olympic, jimbo la Washington nchini Marekani, msitu wa Hoh hupata karibu milimita 3,500 kwa mwaka, na mji mdogo wa Sequim, usiofika kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, hupata kama 400 tu. Mlima ni uleule na mawingu ni yaleyale. Kwa hiyo anayekuambia "huko mvua ni balaa" na anayekuambia "mbona kawaida tu" wanaweza kuwa wote ni wakweli, kila mmoja kwa upande wake wa mlima. Tangu siku hiyo sijauliza tena kuhusu mkoa. Nauliza mtaa.

Nikaenda kuangalia kwa macho yangu. Nilichagua makusudi mwezi wao mbaya kuliko yote, nikapanga chumba kwa siku kumi. Rafiki yangu aliniona mjinga: kwa nini usiende kukiwa kuzuri? Lakini nyumba njema si mlango. Kila mji ni mzuri ukiutembelea kwenye mwezi wake mzuri.

Nilifua taulo Jumatatu. Nikaitundika kwenye kamba ndogo ya bafuni, dirisha likiwa wazi kidogo. Jumanne ilikuwa mbichi. Jumatano ilikuwa mbichi na baridi. Alhamisi ilikuwa imeanza kunuka kama kitu kilichosahauliwa chini ya kitanda, na ndipo nikatambua kwamba kuna neno langu moja halina kazi pale. Sisi tuna kuanika na tuna kuanua: unatandaza nguo, ukiona wingu unakimbia kuzitoa. Maisha yangu yote nguo zimekuwa na safari hizo mbili. Pale hakuna cha kuanua. Kilichoanikwa hakikauki, na mvua yenyewe haianuki ikakupa nafasi ya kujaribu tena. Watu hukausha nguo kwa mashine au hutundika ndani karibu na kipasha joto, na maji yote yaliyokuwa kwenye taulo yanahamia hewani, kisha ukutani.

Ukuta nao una habari yake. Chumba kilikuwa na kuta nne na mmoja tu ndio uliopakwa rangi mpya. Nilidhani ni urembo. Nilikuwa nimebeba kipimo kidogo cha unyevu, ukubwa wa kiberiti, kitu ambacho nawashauri wote wanaowaza kuhama wabebe hata kama watachekwa. Ushauri wa kawaida ni kwamba unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Katikati ya chumba kilisoma 66. Nikakisukuma nyuma ya kabati, kwenye ule ukuta mpya, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi kilisoma 81, na nilipoangaza tochi ya simu nikaona madoadoa meusi yanachungulia chini ya rangi. Mwenye chumba aliniambia ni hali ya hewa. Si kweli, ni hali ya nyumba: hewa yenye maji imekutana na ukuta baridi usiohifadhi joto wala kupitisha pumzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu wa majumbani mwaka 2009, na kiini chake ni kwamba nyumba yenye unyevu huongeza matatizo ya kupumua na pumu. Nilipokuwa nimepiga magoti na tochi yangu nilifikiri kwamba Kiswahili hakikukosea kutumia neno moja, ukungu, kwa kile kinachotanda bondeni alfajiri na kwa kile kinachoota nyuma ya kabati. Cha kwanza ndicho kilichonileta. Cha pili ndicho kilichokuwa kikinisubiri.

Hayo yote, hata hivyo, yana dawa. Unatafuta nyumba nyingine, unanunua mashine ya kukausha hewa, unasogeza kabati mbali na ukuta kiganja kimoja. Lililonitisha ni lingine, na lilikuja kimyakimya.

Siku ya tano sikutoka. Nilikuwa na kazi, nje palikuwa vilevile, nikasema kesho. Siku ya sita sikutoka. Siku ya saba niliamka saa tatu nikadhani bado alfajiri, kwa sababu kulikuwa na giza la aina ile, na saa kumi jioni taa za barabarani zikawaka tena. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nimekaa ndani na hakuna aliyeniuliza nina nini. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikapiga hesabu ya mara ya mwisho niliyosikia sauti yangu mwenyewe, ikawa ni siku mbili na nusu zimepita, nilipomwambia mtu wa dukani "asante".

Usiku ule nilirudi kusoma, lakini safari hii sikusoma kuhusu mvua. Mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayorudi kila majira ya baridi, na waliihusisha na uchache wa mwanga. Mvua si mhusika mkuu, ila mawingu na mchana mfupi. Tiba mojawapo ni taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), mtu anakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Sawa, nikasema, nitanunua taa. Kisha nikaona kwamba taa za kawaida za ofisini hutoa kama luksi 300 hadi 500, wakati nje, hata siku ya mawingu mazito, mara nyingi hupita 1,000, na mawingu yakiwa mepesi hufika hata 10,000. Maana yake ile siku niliyoiita ya giza, giza lilikuwa kwangu ndani. Nje palikuwa na mwanga mara kadhaa zaidi ya chumba changu chenye taa mbili zinazowaka. Nilikuwa nimejificha gizani nikilalamikia giza la nje.

Kwa hiyo swali likageuka. Sikuwa tena nauliza kama nitaivumilia mvua. Nilikuwa nauliza ni nini kitakachonitoa nje ya mlango wakati inanyesha. Wenyeji wana majibu wasiyojua kwamba wanayo: mtoto wa kupeleka shule, mama mgonjwa wa kumwona, mbwa, timu, kazi yenye bosi anayekagua saa. Mimi nilikuwa nimevikata vyote hivyo kwa makusudi na kuviita mwanzo mpya.

Kuna utafiti wa Daniel Kahneman na David Schkade wa mwaka 1998 ambao watu wanaotaka kuhama hawaupendi. Waliwauliza wanafunzi wapatao 2,000, wengine wa California kwenye jua na wengine wa majimbo ya katikati ya Marekani kwenye baridi, jinsi wanavyoridhika na maisha yao. Makundi yote mawili yaliamini kwamba wa California lazima wawe na furaha zaidi. Majibu ya kuridhika yakatoka karibu sawa. Unapolinganisha sehemu mbili unaitazama hali ya hewa, kwa hiyo inakuwa kubwa; ukishaishi hapo unatazama mambo mengine. Wengi huutumia utafiti huu kusema "usihame, hakuna tofauti". Mimi nimeusoma kinyume chake. Kama jua halikuwafurahisha wale, basi mvua nayo haitaniangamiza. Lakini pia haitaniponya, na hapo ndipo mpango wangu ulipokuwa umeegemea.

Nikafanya hesabu mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni ile orodha ya madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe ya mwaka 1967, inayoyapa matukio ya maisha alama za uzito. Talaka ina 73. Kuhama makazi kuna 20 tu, nikafurahi. Halafu nikaongeza vinavyokuja na hayo mawili: mabadiliko ya hali ya fedha 38, mabadiliko ya mazingira ya kuishi 25, mabadiliko ya shughuli za kijamii 18. Jumla 174, na bado sijabeba hata sanduku moja. Orodha hiyo ni ya zamani na maisha hayapimwi kama unga, lakini ilinisaidia kuona kwamba kuhama hakuji peke yake, huja na ukoo wake.

Hesabu ya pili ndiyo iliyoniuma. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusisha, miongoni mwa wengine, watu wazima waliohama karibuni. Alikadiria kwamba mtu mnayefahamiana kwa juu juu huhitaji saa 50 hivi pamoja nawe awe rafiki wa kawaida, saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Saa 200. Nikisema nitakutana na mtu saa mbili kila wiki bila kukosa, hiyo ni wiki 100, karibu miaka miwili ya rasharasha, hadi nipate mtu mmoja wa kumpigia simu usiku nikiwa na homa. Na kila siku ya aina ile ya tano na ya sita, saa hazisogei.

Nikiwa bado huko, siku ya tisa nilijilazimisha kwenda kituo cha basi. Nilikuwa na mwavuli, ambao upepo ulikuwa umeshaupindua mara mbili, nikajibanza chini ya paa la kituo. Nikaona kwamba chini ya paa nipo peke yangu. Wengine, sita au saba, walikuwa wamesimama nje yake, kofia za makoti vichwani, baadhi hata kofia hawakuvaa, matone yanawatiririka kwenye nyusi, wanazungumza. Mwanamume mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake kitu kwenye simu na kuipangusa skrini kwa kidole gumba kila baada ya sekunde kadhaa bila kukatisha hadithi. Kule Norwei wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu, na mimi huwa nauchukia kwa sababu nimeambiwa zaidi na watu waliokaa pakavu. Lakini wale hawakuwa wanatoa msemo. Walikuwa na hadithi haijaisha, basi.

Nikakunja mwavuli, nikatoka chini ya paa. Hakuna aliyenisemesha. Nililowa. Nilirudi chumbani nikajaza viatu karatasi za magazeti, nikazibadilisha mara tatu usiku ule, na asubuhi vilikuwa bado vinalia nikitembea.

Sijahama. Wala sijaghairi. Nimeongea na mwenye nyumba wangu wa hapa, amekubali nipangishe vyumba vyangu kwa mtu mwingine kwa miezi mitatu huku ufunguo mmoja ukibaki kwangu. Nimepata huko nyumba ya ghorofa ya pili, upande wa mlima wenye mvua pungufu kidogo, na nimemwomba anayeipangisha, bila aibu, picha ya nyuma ya kabati. Ametuma. Alijibu kwa kicheko, lakini ametuma. Mwezi nitakaoingia ni ule unaoanza msimu wao wa mvua, si ule unaoumaliza. Shangazi nimemwambia ni miezi mitatu tu. Amesema, "Mm," kwa namna yake.

Kabla ya kulipa kodi ya kwanza nilifanya jambo ambalo miezi mitano iliyopita ningeliona la kipuuzi. Nilitafuta kwaya ya watu wazima ya mtaa ule, nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena: sauti yangu si ya kutamba nayo, sijui kusoma noti, simjui mtu yeyote hapo, ila naweza kuja kila wiki.

Jibu lilikuja kesho yake, sentensi tatu. Karibu. Ni kila Jumanne saa moja jioni. Njoo na viatu vya kubadilisha.